Mwalimu Luhende Bado Anatafuna

...na sasa wote wanamtazama yeye, basi na atafune, atafanyaje, mdomo umejaa na mwenye mdomo uliojaa hadaiwi neno, ndivyo desturi ilivyo nyumbani kwa Mzee Makongoro, ndivyo alivyoambiwa asubuhi hii hii walipofika Butiama, pale barazani, kabla hata hajavua viatu, na shangazi wa mchumba wake Yunis, yule shangazi mnene wa kuchekea kila neno, "Mwalimu, hapa kwetu mtu hajibugi na chakula mdomoni, hata aulizwe na nani, tunamsubiriga mpaka ameze," na Luhende aliposikia hivyo moyo ulimruka kwa furaha, jamani, mtu mzima na ndevu zake, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari pale Bunda, akafurahi kama mwanafunzi aliyeambiwa leo mtihani hakuna, kwa sababu swali alilijua, alikuwa akilisikia linakuja tangu gari lilipopita Nyamuswa, na kweli lilipokaribia, alipomwona mzee anajifuta mikono, anakohoa kile kikohozi cha kusafisha njia, Luhende akapeleka mkono kwenye sinia, akachagua pande la nyama lililokuwa kubwa kuliko yote, la shingo, la ng'ombe ambaye bila shaka alikufa ameshachoka na dunia, akalitia mdomoni lote, zima, na mzee akasema maneno yake taratibu, "Habari ya ng'ombe tumeelewana na baba yako mdogo, mimi sina neno tena. Sasa namuuliza kijana mwenyewe. Harusi lini?", na kijana mwenyewe akanyoosha kidole kwenye shavu lake lililovimba, akainamisha kichwa kwa heshima, na mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akaegemea kiti, akafumbata mikono juu ya tumbo, akasubiri... lini, neno dogo namna hiyo, na chumba kizima kimelinyamazia, vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya makochi, saa ya ukutani, shangazi na kicheko chake amekikalia, na hapa kulia kwake baba mdogo Benjamini, mshenga wa safari hii, anatazama dari kama fundi anayetafuta mahali panapovuja, maana yeye na Luhende walishakubaliana kwenye gari, "Utasema mwakani, ukishaezeka," "Nitasema mwakani, baba mdogo," wakapeana mikono kabisa, na hapo ndipo penye kasheshe, kwa sababu jana jioni Yunis alimpigia simu kutoka Musoma, akasema kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeagiza sukari, "Luhende, kesho ukisema mwakani nitakupigia makofi mbele ya wazee, halafu nitakuaga, na wala sitakuwa na hasira, nitakuwa nimechoka tu," na Yunis si mtu wa kutisha watu bure, akisema atang'oa, anang'oa. Kwa hiyo aseme mwakani, ampoteze Yunis, au ataje mwezi wa karibu, aoe huku nyumba haina paa. Kwa hiyo atafune kwanza.

Upande wa kulia, halafu upande wa kushoto, polepole, na nyama haijali, nyama iko vilevile kama ilivyoingia, na hapo neno likamjia lenyewe bila kuitwa, fletcherize, ah, karibu, leo ndiyo siku yako, maana Luhende ana ugonjwa huo, wengine hukusanya jezi za timu, wengine hufuga njiwa, yeye hukusanya vitenzi vya Kiingereza ambavyo Waingereza wenyewe wameshavisahau, na kila Jumatatu huandika kimoja kwenye ubao mdogo nje ya ofisi ya walimu, Neno la Wiki, akakipamba kwa chaki za rangi, na walimu wenzake hupita, husoma, hucheka, wa hesabu hakosagi la kusema, "Hiki nacho kitakuja kwenye mtihani wa mwaka gani, Luhende?", lakini katika vyote hivyo hakuna alichokipenda kama hiki, kutafuna chakula sana, sana tena sana, mpaka kiwe maji na kiteremke chenyewe bila kusukumwa, hiyo ndiyo maana yake, na asili yake ni mtu, mtu kabisa mwenye jina lake, Fletcher, Mmarekani wa zamani, tajiri, mnene, aliyefika makamo akaenda kutaka bima ya maisha wakamkatalia, mwili huu, bwana, hatuutaki, na yeye badala ya kulia akaenda mezani akaanza kutafuna, akatafuna nyama, akatafuna mkate, akatafuna hata maziwa, ndiyo, maziwa, alifundisha kwamba hata kinywaji kisipite kooni bila kuzungushwa mdomoni kwanza, na kitakachogoma kulainika kitemwe, akapungua, akapata nguvu, akaandika, akahutubia, na watu wakamfuata, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanaalikana chakula ili watafune pamoja, hebu fikiria karamu hiyo, watu na suti zao, hakuna anayesema "lete pilipili", taya tu zinapanda na kushuka, mpaka jina la yule bwana likafungwa mkia likawa kitenzi, likaingia kwenye kamusi, na leo mwenyewe hayupo na wafuasi wake hawapo, limebaki taya lake tu kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua isipokuwa mwalimu mmoja wa Bunda... "Nimletee maji?" shangazi anauliza kwa kunong'ona, na Mzee Makongoro anajibu bila kugeuka, "Maji ya nini? Si anatafuna," na Luhende anatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, anatafuna, huku moyoni akicheka, maana amekumbuka makande, masikini, makande ya siku ile, alipowaambia kidato cha pili hadithi ya Fletcher, na mchana wake darasa zima likakubaliana kuyatafuna makande ya shule kwa mafundisho ya Mmarekani, makande yale ambayo hata bila mafundisho yanataka taya la fisi, kengele ya kipindi cha mchana ikalia, hakuna aliyetoka bwaloni, ikalia tena, na Mkuu wa shule akaenda mbiombio akijua ni mgomo, akafungua mlango akakuta watoto wamekaa wima, kimya, wanatafuna wanamtazama, akasema, "Nani kiongozi wenu?", nao wakajibu kwa pamoja na midomo imejaa mahindi, "Mwalimu Luhende!", na Mkuu akamwita ofisini, akajaribu kukasirika, ikamshinda. Lakini kesho yake alisimama Yasmin, binti wa yule mzee mwenye duka la vitenge karibu na stendi, mtoto mpole ambaye huwa hanyooshi mkono, akauliza, "Mwalimu, sasa yeye mwenyewe alikuwaga anashiba saa ngapi?", darasa likavunjika mbavu, naye Luhende akacheka pamoja nao, akasema "swali zuri sana", ambalo ndilo jibu la mwalimu asiye na jibu, akafuta ubao akakimbilia kipindi kingine. Na watoto hawana simile, hawangoji kamusi, mwezi huohuo wakalifunga mkia jina lake yeye, alisikia kwa masikio yake pale bombani, msichana anamwambia mwenzake anayezubaa na ndoo, "Usituluhendee bwana, kinga maji utoke," na wenzake wote wakaelewa mara moja bila kuuliza maana, hilo ndilo lililomchoma, kwamba hakuna aliyeuliza maana.

Basi hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu yake duniani, Fletcher kaacha taya, Luhende ataacha foleni ya ndoo... na nyama nayo, hebu tuseme ukweli, nyama nayo imefika mahali pake, sehemu iliyokuwa na huruma imeshateremka, umebaki mshipa, mshipa wa shingo, ukiubana huku unatokea kule, na mafundisho yanasema kitakachogoma kitemwe, sawa, kitemwe wapi, kwenye kitambaa cha kufuma, mkononi, mbele ya mama mkwe mtarajiwa ambaye ameamka alfajiri kuipika nyama hiyo, ukimtemea mama wa watu nyama yake usisubiri kuulizwa harusi lini, utaulizwa unaondoka lini, basi hamisha upande wa kushoto, kwenye lile gego la nyuma, na gego la nyuma lilipouma ule mshipa bila kuuma lenyewe akamkumbuka mwenye gego, maana gego ni la Luhende lakini kazi ni ya Yunis, na pale chini ya pazia la mlango wa kuelekea jikoni anaiona miguu yake, kandambili za manjano, imesimama tuli, haiendi mbele wala hairudi nyuma, Yunis anasikiliza. Yunis ni tabibu wa meno pale Musoma mjini, anakaa Kamunyonge, na neno la kwanza alilowahi kumwambia Luhende maishani si habari wala karibu, ni "Fungua mdomo," na yeye akafungua, nani asingefungua, alikuwa ameshinda wiki nzima na shavu la kushoto kama ameficha yai, ametafunia upande mmoja miezi na miezi kwa kuogopa kwenda hospitali, na Yunis akachungulia na taa yake kichwani, akaguna, akasema, "Kaka, hili umelilea," na Luhende, mdomo wazi, vyuma ndani, akajaribu kueleza kwamba alikuwa akijipanga, alikuwa akisubiri likizo, na alichotoa ni "aoahiaohipaha," na Yunis akamjibu palepale, "Mnasemaga hivyohivyo wote, mnajipanga, jino lenyewe halijipangi," akaliokoa lile gego, akaliziba, akampiga kibao kidogo cha begani, "Haya, kalitumie, ukiendelea kuliogopa litakaa hapo bure." Akarudi wiki iliyofuata kuuliza kama jino linaweza kutafuna mahindi ya kuchoma, akarudi tena kuuliza kuhusu muwa, mpaka Yunis akamwambia, "Mwalimu, ukitaka tukale samaki sema tukale samaki, usimalize mazao yote ya Tanzania," na wakaenda kula samaki Mwigobero, sato wawili wa kukaanga na ugali, na huyo mwanamke anavyokula, mama yangu, anakula kwa mikono yote, anakula kama mtu mwenye furaha, alishamaliza samaki wake amebakiza mifupa mitupu, ana mchuzi kidevuni, na Luhende bado yuko upande wa kwanza, anachambua miiba, anaipanga kwenye ukingo wa sahani, na Yunis akamtazama, akaegemea kiwiko, akasema, "Huyo unamla au unamfanyia usaili?", kisha akanyoosha mkono akavunja nusu ya samaki wake akala, na siku ile Luhende akajua, palepale, kabla mikono haijakauka, kwamba ni huyu, huyuhuyu, hakuna mwingine. Alijua siku ileile. Na mvua za vuli zimeshapita mara ngapi tangu siku ile, usihesabu, tafuna.

"Meno yake mazima lakini?" anasema mtu, ni mama mkwe, kwa sauti ya chini, na shangazi anamjibu, "Mazima, si yametengenezwa na Yunis," kicheko kinamtoka puani, Mzee Makongoro anakohoa, na baba mdogo Benjamini ameshusha macho kutoka darini, anamkazia Luhende jicho, jicho linalosema meza useme mwakani twende zetu, njia mbaya hiyo... mwakani, lakini mwakani ni neno zuri jamani, halina ubaya, mwakani nyumba itakuwa imekwisha, nyumba ya Nyasura, matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, imefika kwenye lenta na imekaa kwenye lenta, ndege wanaingia kwa juu wanatokea dirishani, na kila Jumamosi Luhende huenda kusimama katikati ya sebule akatazama mawingu, akaamua jambo, dirisha lile lipanuliwe, hapana, liachwe, mlango wa jikoni uhamishwe, hapana, urudishwe palepale, fundi wake alimwambia kwa adabu, "Mwalimu, mimi nikajenge kwa watu kwanza, we ukimaliza kuwaza utaniita," na Luhende hakumwita, kwa sababu hakumaliza, na leo asubuhi mama yake, Mary, alipokuwa akimnyoosha kola, kola ambayo ilikuwa imenyooka tayari, alimwambia, "Nyumba yako nzuri mwanangu, nimeiona. Lakini tofali halichekagi," akamsukuma nje, gari hilo, nenda... na mama naye, mama na hadithi yake ileile, ya marehemu baba, baba ambaye alikuwa hatafuni, alikuwa anameza tu, sahani ikishuka mkekani imeshanawiwa, mama alikuwa akisema, "Huyu baba yenu ana tumbo la pili, la kwanza linapokea, la pili linauliza kilikuwa nini," na mtu huyo alioa hivyohivyo alivyokula, alimwona Mary kwenye mizani ya pamba, amekalia robota la baba yake, amekasirika kwa sababu karani anachelewa, akamwendea akamwambia, "Mimi nina jembe na redio," ndiyo maneno yote aliyokuwa nayo, na pamba ya msimu ule haijafika kiwandani Mary ameshaolewa, wakaanza maisha kwenye kibanda cha kuazima, nje ya Bunda kule, kibanda ambacho paa lake mvua ilikuwa inalitumia kama njia, na usiku wa mvua ya kwanza mama alivaa sufuria kichwani, baba akavaa beseni, wamekaa kitandani wamekumbatia redio isilowe, na redio inatoa salamu za wasikilizaji, Luhende ameisikia hadithi hiyo tangu hajaota meno, na siku zote aliisikia kama onyo, unaona mambo ya haraka, unaona, watu wanavaa masufuria, na akajiapia akiwa bado anavaa kaptula kwamba yeye mke wake hatavaa sufuria kamwe, na ni kwa ajili ya hilo anajenga, ni kwa ajili ya hilo anapanga, na anawaza, na...

Lakini subiri. Subiri kidogo, taya limesimama, mzee ameinua nyusi, endelea kutafuna, hapo hapo, subiri, mama anapofika kwenye sufuria huwa anafanyaje, anacheka, siyo kutabasamu, anacheka mpaka anashika ubavu, anacheka mpaka inabidi asimame, anafuta machozi kwa upindo wa khanga, anasema, "Akaniambia, Mary, sufuria limekupendeza, ungevaa na kanisani," halafu hutazama mlango, kwa kuwa mwenye beseni hayupo tena, na kisha huanza upya kucheka, miaka yote hii, Luhende mjinga wewe, na vitenzi vyako vyote, miaka yote mama anakusimulia usiku mtamu kuliko usiku wote wa maisha yake na wewe unasikia habari ya paa, ulikuwa unatafuna hadithi upande mmoja... na lile paa walilipandisha wenyewe, wawili, mama ana mimba yake yeye Luhende, anarusha nyasi kutoka chini na baba anadaka juu, na wanagombana, na jirani wanakuja kusikiliza ugomvi wao kwa sababu ulikuwa unafurahisha, hilo nalo mama hulisimulia, na hilo nalo Luhende alilisikia kama habari ya mjamzito kufanyishwa kazi. Na yule Fletcher, masikini, mtu wa watu, hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu, waliomnyima bima walimtia hofu naye akaisaga hofu hiyo kwa meno maisha yake yote, na mwisho alikufa kama watu wanavyokufa, tena kifua ndicho kilichomuua, wala si tumbo, kwa hiyo swali la Yasmin ni swali zuri kweli, alishiba saa ngapi, kuna siku hata moja aliyomeza tu, kwa njaa, kwa furaha, akadondosha mchuzi kwenye suti? Na wewe, kinachokuogopesha nini, sema, uko peke yako humu ndani ya mdomo, sema, ni paa? Si paa. Mabati yapo, yameegemezwa kwa mama, yana vumbi. Anachoogopa, haya, anachoogopa ni Yunis kuingia ndani ya nyumba ambayo haijaisha na kukuta humo ndani mwanamume ambaye naye hajaisha, anayebishana na dirisha, anayeuliza bei ya nyanya sokoni mara tatu halafu haendi kununua, na siku moja awashe ile taa yake ya kichwani achungulie vizuri na aseme aa, kumbe hivi... ndicho hicho, basi, kimetoka. Na mara baada ya kutoka kikaonekana kidogo, cha kuchekesha, kwa sababu Yunis alishachungulia, alianza na kuchungulia, kabla hajajua hata jina lake alishaona jino limeoza, limevimba, linanuka, jino la mwoga, kwa taa kali, kwa karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona duniani, na alichosema ni haya, kalitumie. Hakukimbia. Aliagiza samaki. Na yeye Luhende amekaa kumficha nyumba isiyo na paa, mwanamke ambaye ameshamwona mpaka kwenye koromeo!

Furaha ikamjaa, ikamjaa vibaya, alisikia masikio yanapata moto, mwezi huu, mbona mwezi huu unawezekana, shule zinafunga, mama atashangilia mpaka Kunzugu wasikie, na mabati wataezeka wakiwa wawili, Yunis atarusha misumari, watagombana, majirani wa Nyasura watoe viti waje kusikiliza, na ikinyesha kabla ya hapo, inyeshe, inyeshe jamani, masufuria wanayo, na neno likapanda kutoka tumboni likiwa limeiva kabisa, halihitaji jino hata moja, likakutana na mshipa wa shingo pale mlangoni, na Luhende hakuungoja, alisimama, alisimama wima katikati ya sebule ya watu, mikono ina mafuta, shavu limevimba, akasema kwa sauti ya darasani, yote, kwa kirefu, kwamba wazee wangu mniwie radhi, mimi naomba mwezi huu, Jumamosi yoyote mtakayoipenda, mwakani ni mbali, sitaki tena mwakani, na kilichosikika ni "uaheheangu hihieahi, iiaoa ehi-uu," na kipande kidogo cha nyama kikaruka kikatua kwenye kitambaa cheupe. Baba mdogo Benjamini akashika kichwa. Mama mkwe akatazama kitambaa, akamtazama Luhende, na shangazi, yule shangazi, akajifunika uso kwa khanga nzima akawa anatikisika bila sauti. Mzee Makongoro hata hakubadilisha mkao, mikono palepale juu ya tumbo, akasema kwa upole kabisa, "Kaa, mwalimu. Meza kwanza. Hapa kwetu hatukimbizanagi, tutakusubiri," na nyuma ya pazia kandambili moja ya manjano ikaruka hewani, ikaanguka, na Yunis akapiga kigelegele, kimoja, kifupi, akajiziba mdomo mwenyewe, na mzee akageuza shingo kulitazama pazia, akashangaa kidogo, kisha akarudi kwenye kungoja kwake. Luhende akakaa. Saa ikaendelea ukutani, wote wakamtazama yeye, na yeye akatafuna, akatafuna kwa haraka, akatafuna kwa hasira, kulia, kushoto, machozi ya kicheko yanamlenga, jasho linamtoka, kwa maana kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na jibu tayari na nyama ndiyo iliyokuwa inamchelewesha.